Breki Kubwa Si Ruhusa ya Kujaza Watu

Siku hizi ukipita penye gereji za hapa Garsen utasikia neno moja likirudiwarudiwa: breki. Si breki za kutengeneza tu, bali breki za kubadilisha. Mwenye gari dogo, hasa hizi Probox zinazobeba watu kutoka Minjila kwenda Witu, Hola na Malindi, anataka afunguliwe breki ambazo gari lilizaliwa nazo, afungiwe nyingine kubwa zaidi zilizochomolewa kwenye gari lililokufa. Spea hizo hutoka kwenye magari yaliyogongwa, au huagizwa Mombasa, au Nairobi kule Grogan, ambako nusu-gari kutoka Japani hukatwakatwa na kuuzwa kipande kipande. Bei ni nafuu kuliko mpya, na fundi wa kuzifunga hakosekani. Swali langu ni hili: je, jambo hili linatuongezea usalama, ama linatuongezea abiria?

Kabla sijaendelea, nataka nieleweke vizuri. Mimi sipingi mitumba. Hapa kwetu tunavaa mitumba, tunalalia mitumba na tunasafiri kwa mitumba. Atakayetukataza mtumba na atupe kwanza pesa za kununua kipya. Wala sidharau mafundi wetu wa jua kali. Ni watu wenye akili ambao hufufua gari ambalo mwenyewe alishalikatia tamaa. Ninachopinga ni ile imani kwamba ukishafunga breki kubwa, basi umenunua haki ya kubeba watu kumi kwenye gari la watu watano.

Hebu tuangalie kwanza breki yenyewe inafanyaje kazi. Dereva anapokanyaga pedali, anasukuma mafuta ya breki yaliyo kwenye masta silinda. Mafuta hayo hayabonyei, kwa hiyo msukumo husafiri ndani ya paipu mpaka kwenye magurudumu yote. Hii ndiyo ile kanuni ya Pascal tunayofundishwa katika somo la Fizikia. Kwenye magurudumu ya mbele, kalipa hubana pedi mbili juu ya diski inayozunguka. Nyuma, kwenye magari mengi madogo, breki shuu hutanuka na kusugua dramu kwa ndani. Msuguano huo hugeuza mwendo kuwa joto. Kwa hiyo ukitaka kuijua breki, usiulize tu ina nguvu kiasi gani. Uliza pia inaweza kubeba joto kiasi gani kabla haijachoka.

Hapo ndipo faida ya diski kubwa ilipo. Chuma kingi hubeba joto jingi. Dereva anayeteremka Mai Mahiu na mzigo hukanyaga breki mara kwa mara, diski zinawaka moto, pedi zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yakiwa mabovu yanaweza kuchemka. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 hivi za Selsiasi, lakini hunyonya maji kutoka hewani, na yakishalowa huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea. Dereva anakanyaga, mguu unazama mpaka chini, gari haina habari. Mtu wa namna hiyo akitafuta diski kubwa, nitamwelewa.

Sasa niambieni, jamani, hapa kwetu mteremko uko wapi? Kutoka Minjila mpaka Gamba, kutoka Garsen mpaka Tarasaa, nchi ni tambarare kama mkeka. Maadui wa breki zetu ni wengine kabisa. Adui wa kwanza ni mifugo. Ng'ombe wa Waorma na Wawardei wanapokwenda mtoni hawaulizi nani anapita, na mbuzi mmoja akivuka, ishirini wanamfuata. Dereva hahitaji breki ya kuvumilia joto kwa nusu saa. Anahitaji breki ya kusimamisha gari mara moja tu, bila kuvuta upande. Adui wa pili ni maji na tope. Novemba 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Lamu sehemu za Gamba, na tena mto ulipofura mwaka 2024, kila mtu aliona jinsi barabara yetu inavyogeuka kuwa ziwa. Gari likipita majini, breki shuu hulowa na kuteleza, na tope linajikusanya ndani ya dramu. Adui wa tatu ni tairi lililokwisha meno. Breki hata iwe kubwa kama sinia ya pilau, inayoshika barabara ni tairi. Ikiwa breki ya kawaida inatosha kulifunga gurudumu lisizunguke, breki kubwa italifunga mapema zaidi tu, na gari litateleza vilevile.

Kwa hiyo breki kubwa ni dawa ya ugonjwa wa milimani, nasi tunaumwa ugonjwa wa bondeni. Tiba yetu ni nafuu zaidi: kufungua dramu na kuziosha baada ya mafuriko, kubadilisha mafuta ya breki, kutoa hewa kwenye paipu, na kutupa tairi kipara.

Tena kuna hatari katika kuchanganya. Watengenezaji wa gari walipima breki zote nne zifanye kazi pamoja kama wanakwaya. Ukiweka mbele kalipa yenye pistoni kubwa na ukaacha masta silinda ileile ndogo, mafuta mengi zaidi yanahitajika kuijaza, na pedali inashuka chini zaidi kabla breki haijashika. Ukizidisha nguvu za mbele ukasahau nyuma, mizani inavurugika. Ukifunga kalipa ya gari moja upande wa kulia na ya gari jingine upande wa kushoto, siku ya kukanyaga kwa ghafla gari litavuta upande, na upande huo huenda ndiko alikosimama mama na mtoto mgongoni. Na kama diski ni pana kuliko nafasi iliyo ndani ya rimu, wako mafundi wanaokwaruza chuma mpaka kiingie. Chuma kilichokwaruzwa hakisemi siku kitakayovunjika.

Je, kila spea iliyotumika ni mbaya? La hasha! Diski ni chuma. Kama haina ufa, haijapinda, na unene wake haujashuka chini ya kipimo cha mwisho ambacho aghalabu huandikwa kwenye diski yenyewe, inaweza kutumika tena. Kipimo hicho hakitaki macho wala kidole gumba, kinataka vernia kalipa, kile chombo tunachopimia vijiti maabara. Kalipa nayo inaweza kutumika ikiwa pistoni yake haina kutu na imetiwa mipira mipya. Lakini pedi, breki shuu, hosi za mpira na mafuta ya breki, hivyo visiokotwe kwenye gari lililokufa. Pedi iliyowahi kulowa mafuta haioni haya kukusaliti. Hosi iliyozeeka inaweza kuonekana nzima kwa nje, kumbe ndani imeoza. Pia pedi za zamani nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, kitu kinachoharibu mapafu, na fundi anayepuliza vumbi la dramu kwa mdomo anajipulizia maradhi.

Sasa nije kwenye shina la maneno yangu. Dereva mmoja wa hapa mjini, mtu mpole ambaye hutuita sisi wanafunzi "wadogo zangu", alinipa hoja yake hivi: "Mdogo wangu, kama mzigo umeongezeka na breki nayo imeongezeka, si mambo yamelingana?" Hoja hii inapendeza masikioni, na ina ukweli kidogo, maana gari zito linataka breki yenye nguvu zaidi. Lakini tuipige hesabu. Tuseme gari tupu lina kilo 1,100 na kila mtu ana kilo 65. Likiwa na watu 5 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nguvu ya mwendo ambayo breki zinapaswa kuigeuza kuwa joto ni jouli 350,000 na ushei. Liwe na watu 10, na dereva, kwa kuwa sasa anaziamini breki zake, aende kilomita 100. Nguvu hiyo inafika kama jouli 675,000. Ni karibu maradufu! Watu waliongezeka watano, lakini kilichoharibu zaidi hesabu ni ule mwendo, maana mwendo huzidishwa kwa wenyewe. Na kabla mguu haujagusa pedali, kama dereva atachukua sekunde moja tu kushtuka, gari limeshakwenda mita 28. Katika mita hizo breki kubwa na breki ndogo ni sawasawa, zote zimelala.

Isitoshe, wale watu wa ziada hukaa wapi? Nyuma kabisa, kwenye buti, pamoja na magunia ya maembe. Gari huwa kama pembea: nyuma ikizama, mbele inainuka. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yamefungwa hizo breki kubwa, yanapungukiwa na uzito wa kuyakandamiza chini, basi yanateleza upesi na usukani unakuwa mwepesi kama wa kuchezea. Tairi nazo zina uzito wao wa mwisho ulioandikwa ubavuni, na hakuna fundi awezaye kuubadilisha kwa spana. Hatimaye, breki husimamisha gari, haisimamishi mtu. Aliyekaa kwenye buti bila kiti wala mkanda ataendelea na safari yake wakati gari limesimama. Kadiri breki inavyoshika kwa nguvu, ndivyo yeye anavyorushwa kwa nguvu.

Najua wako watakaosema, "Huyu kijana anaongea vitabu, haijui shida." Naijua. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Asubuhi gari likiondoka na watu watano, wa sita ni mimi, na langoni kengele hainingojei. Dereva akipunguza abiria, nauli itapanda, maana petroli haina huruma. Mama anayepeleka ndizi na maembe sokoni atakula hasara. Shida hiyo ni ya kweli, na breki za mtumba haziwezi kuiondoa, zinaifunika tu. Dawa yake ni mipango. Wazazi wa upande mmoja wanaweza kukubaliana na dereva awe na safari mbili za alfajiri badala ya moja iliyofurika, na wamlipe kwa mwezi ili asiogope kurudi na gari tupu. Mizigo nayo inaweza kupewa gari lake la mizigo siku ya soko. Nauli ikipanda kidogo kwa sababu hiyo, mimi niko tayari kutembea siku moja kwa juma ili nilipe siku nne. Afadhali kuchelewa darasani kuliko kuwahi kaburini.

Sheria hatuna uhaba nazo. Sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mwaka 2012 sheria nyingine ikaunda NTSA. Lakini askari wa barabarani huona gari kwa nje, haoni kilicho ndani ya gurudumu. Anayeona ni fundi. Kwa hiyo nawaomba mafundi wetu mambo matatu. Kwanza, wanunue diski na kalipa kwa jozi, kutoka gari la aina moja linalolingana na hilo wanalofungia. Pili, wamwambie mwenye gari waziwazi kipi ni kipya na kipi ni cha zamani, na wakatae kufunga kisicholingana. Tatu, gari lijaribiwe likiwa tupu mahali pasipo watu, kisha lipelekwe likakaguliwe kabla halijapakia abiria. Madereva nao, kila watokapo majini, waende polepole huku wakigusa breki kidogo kidogo mpaka zikauke. Hilo halina gharama hata ya shilingi moja.

Na sisi abiria tusijifanye hatumo. Makanga hujaza kwa sababu sisi tunajazika. Tukisogea, anaongeza. Tukikataa watano kwa pamoja, hana la kufanya. Ni haki yetu kuuliza breki ziko vipi kabla hatujalipa, kama vile tunavyouliza samaki ni wa lini kabla hatujamnunua.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Breki nzuri ni ile inayolingana na gari, gari linalolingana na watu wake, na mwendo unaolingana na njia. Vyuma vya mtumba tuvipokee, lakini roho zetu hazina spea, wala huko Grogan haziuzwi. Aliye na sikio na asikie.