Shosh Akipimwa Presha Kangemi, Nani Anapiga Hesabu ya Faida?

Wacha tuanze na doh. Kusafishwa figo kwa mashine mara moja, SHA hulipa hosi 10,650. Mgonjwa huenda mara mbili kwa wiki, so kwa mwezi hiyo ni kama 85,000.

Sasa cheki upande ule mwingine. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale CHP zaidi ya 100,000 Rais Ruto alizindua Uhuru Park Septemba 2023, posho yao ni 5,000 kwa mwezi: nusu serikali kuu, nusu kaunti. Kwa begi wamebeba mashine ya presha na ya sukari, wanapiga raundi mlango kwa mlango, Kangemi hadi Kawangware. Na presha isiyotibiwa huua figo.

Inakaa dili rahisi, ama? Shida ni kuiprove.

Kwanza, kiharusi ambacho hakikutokea hakina risiti. Shosh akigonga 80 akiwa fiti, ni juu alipimwa mapema, ama ni juu ametembea kwenda soko maisha yake yote? Kujua, lazima ufuatilie waliotembelewa na wasiotembelewa, miaka mingi. Bajeti nayo ni ya mwaka mmoja.

Pili, pesa inatoka mfuko huu, faida inaingia ule. Kaunti inalipa CHP, lakini anayeokoka ni SHA, na zaidi wewe mwenye ungeomba ofu job huko tao umpeleke guka Mbagathi.

Tatu, na hii ndio inauma: kuna wataalamu hupima faida kwa kuuliza mtu akipona atarudi kazi alete ngapi. Kwa hiyo fomula, msee wa 72 ni karibu sufuri. Wengine huhesabu miaka amebakisha, na hapo pia mzee anapigwa chini. Lakini ni shosh hubaki na watoto ndio mathe wao adandie mat ya asubuhi. Siku akianguka, kuna mtu ataacha kazi. Huo mshahara hakuna mahali umeandikwa.

Sensa ya 2019 ilipata Wakenya karibu milioni 2.7 wa miaka 60 na zaidi. Hawa si wachache wa kuruka kwa hesabu. Kaunti inaweza anza na vitu rahisi: shosh bado anajipikia? Analea wangapi? Nani angelipwa kufanya hiyo kazi?

So siku utaskia mheshimiwa akisema posho ya CHP ikatwe juu "matokeo hayaonekani", muulize tu: ulikuwa unaangalia wapi?