Riwaya Yako Ianzie Wapi?



Wapo kati yetu wenye daftari lililofichwa kabatini, chini ya vitenge. Ndani yake mna hadithi iliyoanzwa mara tatu, ikaachwa. Mara nyingi kinachotushinda ni mwanzo. Tunataka kueleza yote kwa mara moja, na msomaji anachoka kabla hajamjua mtu hata mmoja.

Tuchukue jambo la hapa kwetu. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Ismael Mbise aliandika riwaya ya Kiingereza juu ya mkasa huo, Blood on Our Land, iliyotoka 1974. Je, wewe ungeianzaje ya kwako?

Kwanza, chagua mtu mmoja. Si Wameru wote, bali mama mmoja. Mpe jina, na kitu anachokihangaikia asubuhi hiyo. Tuseme ng'ombe wake pekee anakaribia kuzaa.

Pili, chagua saa ambayo mambo yanageuka. Usianze miaka kumi nyuma. Anza siku moja kabla askari hawajafika.

Tatu, weka swali. Mume anasema waondoke usiku huu. Mama anasema ng'ombe hawezi kutembea mwendo huo. Nani atasikilizwa? Hapo msomaji atafunua ukurasa wa pili.

Nne, historia isubiri. Tarehe, amri na majina ya wakubwa viingie baadaye, kidogo kidogo, kama chumvi kwenye mboga.

Kabla ya kuandika sura yenyewe, andika mistari mitano tu: ni nani, yuko wapi, ni lini, anataka nini, na nini kinamzuia. Mstari mmoja ukikosa jibu, hadithi bado haijaiva. Iache jikoni kidogo, uendelee kuifikiri ukichambua mchicha.

Jambo moja halisubiri. Waliokuwa watoto siku ile sasa wamepita miaka 70. Kama unamfahamu bibi wa upande huo wa Mlima Meru, mtembelee mwezi huu. Mwulize mama yake alibeba nini alipotoka nyumbani, na aliacha nini. Jibu lake laweza kuwa sentensi yako ya kwanza.