Barua ya sifa: utaomba mwalimu gani?



Mwezi huu tuzungumze juu ya karatasi moja yenye kusumbua nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mutoto amemaliza masomo kule Kasapa. Anatafuta bursi ya kuendelea Ubelgiji ao Afrika ya Kusini. Wanamuambia: leta barua mbili za walimu wanaokujua. Hapo mashauri yanaanza nyumbani. Baba anasema: «Omba dekano, jina lake ni kubwa.» Mujomba anasema: «Niko na profesa mumoja, tunasali pamoja, atasaini tu.» Mutoto ananyamaza, kwa maana ule profesa hajazungumza naye hata siku moja.

Kijana, sikia vizuri. Mwenye kusoma barua yako kule mbali hamujui mujomba wako. Anatafuta jambo moja: huyu aliyeandika anamujua kweli huyu mwanafunzi? Barua ya mutu mukubwa yenye kusema tu «ni kijana wa adabu, alifuata masomo yangu» ni kama sufuria kubwa isiyo na bukari ndani.

Mwaka 1956, wakati iniversite ilifunguliwa hapa na muji ukiitwa bado Élisabethville, wanafunzi walikuwa wachache. Leo oditwari ya mwaka wa kwanza inajaa mpaka wengine wanasimama, na profesa anaona vichwa tu. Wengine wanatoka Kinshasa, wanafundisha kwa haraka, wanarudia. Basi jiulize: ni nani alisoma kazi yangu na kalamu mukononi?

Mara nyingi ni asistanti ao shefu wa travo. Ndiye alisimamia mazoezi yako, ndiye alisoma memwari yako ukurasa kwa ukurasa, hata kama jina la direktere ndilo liko kwenye kifuniko. Shida ni kwamba ng'ambo wengi wanapenda sahihi ya profesa. Njia iko: umuombe direktere wako, na kwa heshima umuombe azungumze na asistanti. Asistanti aeleze yale aliyoona, profesa ayapime, kisha watie sahihi wote wawili. Hapo hakuna uongo. Barua ya pili itoke kwa mwalimu mwingine aliyekuona ukifanya kazi. Kama wanakubali, hata enjenyere wa staji yako anaweza kuiandika.

Usidanganywe na alama. Ule aliyekupa 16 juu ya 20 bila kukujua, alama yake iko tayari kwenye karatasi yako. Barua yake haitaongeza kitu. Lakini ule aliyekupa 11, akakurudisha uandike tena mara tatu, mwishoni akaona umefika 15, huyo iko na neno la kusema.

Uende mwezi mumoja mbele ya tarehe ya mwisho. Ubebe karatasi ya alama, kopi ya memwari, tangazo la bursi na tarehe yake. Siku hizi iniversite nyingi zinaandikia profesa mwenyewe kwa intaneti. Umuulize ni adresi gani anafungua kila siku. Kisha sema: «Profesa, mutaweza kuniandikia barua yenye kunisaidia kweli?» Akisita, umushukuru na uende kwa mwingine. Amekuokoa.

Akisema «andika wewe mwenyewe, nitasaini», umuletee orodha tu: kazi uliyofanya, somo, mwaka. Maneno ya sifa yawe yake.

Na bahasha? Wazazi, hapa nazungumza nanyi. Barua ya kununua ni ushuhuda wa uongo, na mutoto anajifunza kwamba jasho lake halikutosha. Baba aliyeshuka mugodini miaka mingi hakulipa minervali ili mutoto wake asifiwe na mutu asiyemujua.

Mutume Paulo, katika sura ya 16 ya barua kwa Waroma, anamutambulisha dada Foibe. Hataji mali yake wala ukoo wake. Anasema ni mutumishi wa kanisa la Kenkrea, na kwamba amesaidia watu wengi, hata Paulo mwenyewe. Maneno machache, lakini ni ya mutu aliyeona kwa macho yake.

Ninyi munaoanza mwaka huu, barua yenu inaanza kuandikwa sasa. Mukae mbele, muulize maswali, murudishe kazi kwa siku yake, na asistanti mumusalimie kwa jina lake. Nanyi wazazi, jioni muulize mutoto: «Kule masomoni, ni mwalimu gani anakujua?» Kama hana jibu, wakati ungaliko.

Mubaki salama, mpaka mwezi ujao.