Ukishakinunua, ni chako? Hataza, kufuli za viwandani na hukumu ya mauziano

 Leo tunapenda kulitazama jambo lililoingia majumbani mwetu kimya kimya, nalo ni la vyombo vya kompyuta ambavyo mtu huvinunua kwa fedha yake ya halali, akavibeba hadi nyumbani, kisha akagundua kwamba aliyemuuzia bado hajaviachia.

Tuchukue mfano wa mzazi anayenunua printa ili wanawe wachapishe kazi za shule, au wa madrasa inayonunua moja kwa ajili ya mitihani ya wanafunzi wake. Bei ya mashine ni nafuu, na kila mtu anafurahi. Wino unapokwisha ndipo hesabu inapogeuka, kwani katriji mpya ya kampuni ile ile huweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Fundi wa mtaani anayo nyingine ya bei ndogo, au yuko tayari kuijaza ile ya zamani. Inapowekwa, mashine inakataa. Si kwamba wino ni mbovu, bali katriji ina chipu ndogo ndani yake, na mashine imeamriwa isiitambue chipu ya mtu mwingine.

Hapo ndipo linapozuka swali la kisheria na la kidini kwa pamoja: mashine ile ni ya nani?

KISA CHA KATRIJI MAHAKAMANI

Swali hili si geni. Kampuni ya Lexmark ya Marekani ilikuwa ikiuza katriji za aina mbili. Moja ilikuwa ya bei kamili isiyo na sharti, na ya pili ilipunguzwa bei kwa kiasi cha asilimia 20, kwa sharti kwamba mnunuzi aitumie mara moja tu, kisha asimpe mtu yeyote isipokuwa Lexmark yenyewe. Ili sharti hilo lisivunjwe, katriji zile ziliwekewa chipu.

Mwaka 2002 Lexmark iliishitaki kampuni ya Static Control, iliyokuwa ikitengeneza chipu za kuziwezesha katriji zilizojazwa upya zikubalike. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa iliitengua amri ya zuio iliyokuwa imetolewa dhidi ya Static Control. Vita havikuishia hapo. Lexmark iliendelea kuwashitaki waliojaza na kuuza tena katriji zake, safari hii kwa hoja ya hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake. Mmoja wa walioshitakiwa ni Impression Products, biashara ndogo ya jimbo la West Virginia, ambayo ilikataa kusalimu amri.

Tarehe 30 Mei 2017 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ilitoa hukumu yake: mwenye hataza akishauza kitu, haki yake ya hataza juu ya kitu kile imekwisha, hata kama aliweka masharti wakati wa kuuza. Mahakama ilitoa mfano wa fundi anayenunua magari ya zamani, akayatengeneza na kuyauza. Biashara ya fundi huyo ingekwama iwapo kila kiwanda kilichotengeneza kipuri kingeweza kudai haki yake baada ya kuuza.

Hata hivyo hukumu hiyo haikuiondoa chipu ndani ya mashine. Ilisema tu kwamba hataza haiwezi kutumika kumfuata mnunuzi hadi nyumbani kwake. Kufuli ilibaki, na kabla ya hapo, Septemba 2016, wenye baadhi ya printa za HP walikuwa wameshaona ajabu nyingine: mashine zilizokuwa zikizikubali katriji za makampuni mengine ziliamka siku moja zikizikataa, kwa sababu ya programu iliyokuwa ndani yake. Kampuni ilijitetea kwamba lengo ni kulinda ubora na usalama, kisha ikaomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri, na ikatoa programu ya kuiondoa kufuli hiyo katika baadhi ya printa. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10, na miongoni mwa sababu ni kutowaeleza wanunuzi kwa uwazi kuhusu mipaka hiyo wakati wa kununua.

HAKI YA MVUMBUZI NI YA KWELI

Ndugu Waislamu, kabla hatujawalaumu wenye viwanda, yatupasa tuwe waadilifu, kwani uadilifu ni wajibu hata kwa yule tusiyempenda. Mvumbuzi ana haki. Ametumia miaka ya umri wake na mali yake, na si halali mtu mwingine avune asichopanda. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC, ililitazama jambo hili katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988. Ilipitisha kwamba haki za utunzi, za uvumbuzi na za jina la biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia.

Lakini tuangalie vizuri hataza ni kitu gani. Hataza ni mapatano baina ya mvumbuzi na jamii. Mvumbuzi anaieleza siri ya kazi yake kwa maandishi ambayo kila mtu anaweza kuyasoma, na jamii nayo inampa ulinzi kwa muda maalumu, ambao kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Biashara Duniani ni miaka 20 tangu maombi yawasilishwe. Muda ukiisha, elimu ile inakuwa ya watu wote. Haki hii ina mipaka miwili: ina mwisho, na inadai uwazi.

Kufuli ya chipu haina hata mmoja kati ya mipaka hiyo. Haina tarehe ya kwisha, na haiwekwi hadharani ili isomwe, bali hufichwa ili isieleweke. Kwa maneno mengine, mwenye kiwanda amejipa mwenyewe haki ambayo jamii haikumpa, tena bila ya kulipa ile thamani ambayo mwenye hataza hulipa, nayo ni kuieneza elimu.

Wazee wetu katika dini walilijua hili. Al-Jazari, fundi aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, alikamilisha mwaka 1206 kitabu chake mashuhuri cha mitambo, akiwa ameeleza saa za maji, mitambo ya kuteka maji na vyombo vingine kwa vipimo na michoro, kiasi cha fundi mwingine kuweza kuvitengeneza. Jina lake halikupotea kwa kuifungua siri yake. Karne nane baadaye bado linatajwa.

SHARTI GANI HUFAA?

Atasema msemaji: mnunuzi alikubali masharti, na Muislamu hufungwa na masharti yake. Ni kweli, na Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inathibitisha msingi huo, lakini Hadithi hiyo hiyo inalitoa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kwa hiyo si kila sharti ni sharti.

Tunavyo visa viwili katika Sunna vinavyotupa mizani. Cha kwanza ni cha Jabir bin Abdillah (R.A.), aliyemuuzia Mtume (S.A.W.) ngamia wake njiani, akasharutisha kwamba ampande hadi afike Madina. Sharti likakubaliwa, kwa kuwa lilikuwa wazi, la manufaa yanayojulikana, na lenye mwisho. Walipofika, Mtume (S.A.W.) alimpa bei yake na ngamia akamrudishia.

Cha pili ni cha Barira (R.A.), aliyekuwa mtumwa. Bibi Aisha (R.A.) alitaka kumnunua ili amwache huru, lakini mabwana zake wakasharutisha kwamba haki ya walaa, ambayo huwa ya mwenye kumwacha huru, ibaki kwao. Mtume (S.A.W.) alisimama mbele ya watu, akabainisha kwamba sharti lisilokuwa na asili katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili, hata kama yangekuwa masharti mia moja. Wauzaji wale walitaka kuuza na kutouza kwa wakati mmoja: walitaka wachukue bei, na wabaki na haki ambayo kwa kuuza ilikuwa imeshawatoka.

Ndiyo maana katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika mwambao wetu, mwenye kuuza kitu kwa sharti kwamba mnunuzi asikiuze tena, sharti lake linapingana na maana yenyewe ya mauziano. Kuuza ni kuhamisha milki, na milki ni uhuru wa kukitumia kitu, kukitengeneza, kukitoa zawadi au kukiuza.

Hatutoi fatwa hapa, kwani hiyo ni kazi ya masheikh. Lakini mizani iko wazi kwa kila mwenye akili. Muuzaji anayesema waziwazi kabla ya bei kwamba mashine hii ni nafuu kwa kuwa itakubali wino wangu tu, huyo amesema kweli, na mnunuzi ana hiari ya kuchukua au kuacha. Ama anayelificha jambo hilo, au anayeibadilisha mashine baada ya kuiuza, huyo anakaribia lile rundo la nafaka ambalo Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani yake sokoni, akakuta juu ni kavu na ndani ni mbichi, akamkemea mwenyewe kwa kutouweka unyevu ule juu, watu wauone.

JE, KUFULI HULETA UVUMBUZI?

Husemwa kwamba bila ya kufuli hakuna atakayevumbua. Historia ya kompyuta yenyewe inajibu. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo iliyojengwa kwa vipuri vya kawaida vilivyopatikana sokoni, na ikachapisha maelezo ya ufundi wake. Kampuni ya Compaq ikaisoma kazi ile, na kwa kuandika programu yake yenyewe bila ya kuinakili ya IBM, ikatoa kompyuta iliyoendana nayo. Wengine wakafuata, bei zikashuka, na kompyuta ikatoka maofisini ikaingia majumbani.

Mwaka 1987 IBM ilijaribu kurudi nyuma. Ilitoa kompyuta mpya za PS/2 zenye njia ya kuunganishia vipuri iliyolindwa kwa hataza, na aliyetaka kuifuata alitakiwa kulipa ada. Washindani wake tisa waliungana mwaka 1988 wakatangaza njia yao wenyewe. Soko halikurudi kwa IBM, na mwaka 2005 ilikamilisha kuiuza biashara yake ya kompyuta ndogo kwa Lenovo ya China. Mlango uliofunguliwa ulileta uvumbuzi, na ulipofungwa watu walipitia kwingine.

Serikali nazo zimeanza kuamka. Tangu Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unataka simu mpya zinazouzwa huko zitumie tundu la chaja la aina moja, na mwaka huo huo ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa, nchi wanachama zikipewa hadi Julai 2026 kuitia katika sheria zao.

NA SISI JE?

Si haki kuwahukumu wa mbali tukajisahau wenyewe. Katriji iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ikauzwa kwa jina lake yenyewe, ni biashara halali. Ama kuichukua hiyo hiyo, ukaitia katika boksi lenye nembo ya kampuni maarufu, ukamuuzia mteja kuwa ni halisi, hiyo ni ghushi na ni wizi wa jina. Dhulma ya mwenye kiwanda haihalalishi hiana ya mwenye duka.

Muuza duka Muislamu na amwambie mteja wake kabla ya kupokea fedha: mashine hii inakubali wino gani, betri yake hubadilishwa au haibadilishwi, na vipuri vyake hupatikana wapi. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha, baraka huondolewa.

Mzazi, na kamati ya madrasa au msikiti, wasiangalie bei ya mashine peke yake. Wapige hesabu ya wino wa miaka mitatu, kwani fedha ya waumini ni amana, na rahisi ya leo huenda ikawa ghali ya kesho.

Na vijana wetu wenye vipaji wasiogope neno hataza. Mwenye uvumbuzi Tanzania Bara hupeleka maombi yake BRELA, na Zanzibar hupeleka BPRA. Tena nchi maskini zaidi duniani, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zimepewa na Shirika la Biashara Duniani muda hadi Julai 1, 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya kanuni zake za haki za ubunifu. Sheria za nchi zetu zilizopo zingali zinatufunga, lakini huu ni muda wa kujifunza, kufungua, kuchunguza na kutengeneza, nao unakwisha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azitie baraka biashara zetu, awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atukinge na kudhulumu na kudhulumiwa. Wallahu a'lam.