UCHAMBUZI: Video yaweza kufungua soko la ng'ambo, na yaweza kulifunga

CHEMA chajiuza, kibaya chajitembeza, waliamba wahenga. Lakini soko walilolijua wahenga ni lile ambalo mnunuzi alifika mwenyewe, akalishika embe, akalibonyeza na kulinusa kabla ya kutoa pesa. Mfanyabiashara wa Rotterdam au Shanghai anayetafuta avokado za Murang'a hana fursa hiyo. Kwake yeye, chema kisichoonekana hakijiuzi.

Hii ndiyo sababu kampuni za Kenya zinazouza maua, matunda, mboga, chai na kahawa katika mataifa ya nje zimekumbatia video za kujitangaza. Swali ambalo wengi hawajiulizi kabla ya kumlipa mpiga picha ni hili: je, mnunuzi wa ng'ambo anatazama nini hasa?

Kwa muda mrefu, bidhaa ilijieleza yenyewe. Katika mnada wa chai, ulioanzishwa Nairobi mwaka wa 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka wa 1969, wanunuzi huonja sampuli kabla ya kutaja bei. Kahawa nayo huonjwa kabla ya kupigwa mnada jijini Nairobi. Maua yaliyosafirishwa hadi Aalsmeer, Uholanzi, yaliuzwa kwa mnada ambao bei huanzia juu na kuteremka hadi mnunuzi wa kwanza atakapobonyeza kitufe. Mkulima hakuhitaji kusema neno.

Mambo yamebadilika. Tangu mwaka wa 2006, sheria za Kenya zimeruhusu kahawa kuuzwa moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje bila kupitia mnadani. Maua mengi nayo huuzwa moja kwa moja kwa maduka makubwa ya Ulaya. Mkataba wa kibiashara baina ya Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutekelezwa Julai 1, 2024, umedumisha nafasi ya bidhaa za Kenya kuingia huko bila ushuru.

Katika biashara ya aina hii, mnunuzi hanunui bidhaa pekee. Hununua pia uaminifu wa muuzaji asiyemjua.

Teknolojia nayo ilifika kwa wakati ufaao. Nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS, zilizofikishwa Mombasa kupitia baharini mwaka wa 2009, ziliondoa utegemezi wa setilaiti uliofanya kutuma video kuwa anasa. Kisha mwaka wa 2020 janga la Covid-19 likasimamisha safari za ndege na maonyesho ya biashara. Aliyekuwa na video nzuri alikuwa na njia ya kumfikia mteja, na asiyekuwa nayo alisalia na barua pepe.

Hata hivyo, nyingi ya video hizi zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Ndege ndogo isiyo na rubani hupaa juu ya shamba alfajiri, ngoma zikalia, kisha sauti nzito ikatangaza "ubora wa kimataifa". Mnunuzi aliyekwisha kutazama kumi za namna hiyo haambuliwi na chochote katika ile ya kumi na moja. Yeye anataka kujua bidhaa itapatikana miezi gani, ni makasha mangapi kwa wiki, chumba cha baridi kiko wapi na ni nani aliyekagua.

Avokado ni mfano mwafaka. Mwishoni mwa 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) ilisimamisha kwa muda uvunaji na uuzaji nje wa avokado kwa kuwa matunda machanga yalikuwa yakiiharibia Kenya jina. Tunda lililochumwa kabla ya kukomaa haliivi vyema; hunywea. Safari ya meli kutoka Mombasa hadi Ulaya huchukua takriban mwezi mmoja. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza mwishoni mwa 2023, yalilazimisha nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka zaidi.

Hofu ya mnunuzi basi inajulikana. Video inayoonyesha jinsi ukomavu unavyopimwa, tarehe ya kuvuna, matunda yakiingia katika chumba cha baridi na kipimajoto cha kontena kikisomwa, inaijibu hofu hiyo. Dakika mbili za namna hiyo, hata zikipigwa kwa simu, zina thamani kuliko dakika kumi za mandhari.

Upo upande mwingine usiotajwa na wanaouza huduma za video. Kila kinachosemwa mbele ya kamera ni ahadi, na ahadi hiyo hubaki kwa mnunuzi kama ushahidi. Kampuni inayojiita rafiki wa mazingira bila ithibati inamtia mteja wake hatarini, kwa kuwa Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka wa 2024 kanuni ya kupiga marufuku madai ya jumla ya aina hiyo kwa walaji, iliyowekewa tarehe ya kuanza kutumika ya Septemba 27, 2026. Vivyo hivyo, sheria ya Ulaya ya 2023 dhidi ya ukataji wa misitu inadai viwianishi vya kila shamba la kahawa. Picha ya msitu wa kijani haiwezi kushika nafasi ya stakabadhi hizo.

Wapo pia mawakala wanaorekodi ghala la mwenzao na kulitangaza kuwa lao. Ujanja huo hauendi mbali. Tangu 2020, wakati ambapo hata GlobalG.A.P. iliruhusu sehemu ya ukaguzi wake kufanywa kwa mbali, mnunuzi anaweza kuomba atembezwe ghalani papo hapo kupitia simu. Njia ya mwongo ni fupi.

Wafanyakazi nao wasisahaulike. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda sura ya mtu. Mnamo Septemba 2023, kamishna wa data aliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwajiri anayewavisha vibarua glavu mpya kwa siku moja ya kamera akumbuke kwamba nao wana simu zenye kamera.

Mwisho ni suala la njia. YouTube haifunguki nchini Uchina, ambako shehena ya kwanza ya avokado mbichi za Kenya ilitumwa Agosti 2022. Aliyeiweka video yake huko pekee anazungumza na mlango uliofungwa. Shirika la serikali la kukuza mauzo ya nje, KEPROBA, lingevifaa vyama vya ushirika kwa kuvisaidia kutafsiri maelezo na kuchagua majukwaa, kwani vyama vingi havina uwezo wa kuajiri wataalamu.

Kamera haiongezi ubora wa tunda. Kazi yake ni kumfikisha mnunuzi pale ambapo miguu yake haifiki. Akifika akakuta chema, kitajiuza. Akikuta kibaya, video itakuwa imekitembeza tu, na safari hii mbele ya ulimwengu mzima.