Makofi tumeshapiga, sasa mlango wa karakana ufunguliwe

JICHO LA MLIMANI
Na Wambui Gichira

Msimu wa mahafali ukifika, matatu za Kianyaga hufungwa riboni tangu alfajiri. Shosho huvalishwa leso mpya, mbuzi huchinjwa, na kijana aliyesomea uhandisi huitwa "injinia" kabla hajavua joho. Sioni kosa hapo. Karo yake imetoka kwenye majani ya chai na buni, kikapu baada ya kikapu, na aliyelipa ana haki ya kupiga vigelegele.

Tena sababu ya vigelegele ipo. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi iliyosimama kwa harambee ya wananchi, kikapewa hati ya chuo kikuu kamili Desemba 2012. Leo ndani ya ua wake kuna kampuni ya Semiconductor Technologies, inayotengeneza chipu za kielektroniki. Wafanyakazi huingia wamejifunika kuanzia utosini hadi unyayoni, maana chembe moja ya vumbi yatosha kuharibu kazi nzima. Huku kwetu Kirinyaga, chuo kikuu cha hapo Kutus kilipata hati yake mwaka 2016.

Lakini kazi ya uhandisi ninayoipenda kuliko zote katika kaunti hii haina jengo wala bango. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent cha Uingereza walishirikiana na wanavijiji wa Kirinyaga kuweka mitambo midogo ya umeme wa maji katika sehemu mbili, Kathamba na Thima. Ule wa Kathamba ulitoa kilowati 1.1 hivi. Umeme huo hauwezi hata kuendesha birika moja kubwa la kuchemshia chai, ila ukigawanywa kwa balbu ndogondogo uliwasha taa katika nyumba zipatazo 65. Thima walifanya ujanja zaidi. Badala ya kuagiza tabo ya bei ghali, walichukua pampu ya maji ya kawaida na kuigeuza kazi: maji yakasukumwa ndani yake kinyumenyume, pampu ikazunguka, ikazungusha jenereta. Pampu ya namna hiyo inauzwa dukani, na ikiharibika fundi wa mtaani anaijua.

Huo kwangu ndio uhandisi: kujua mto una nguvu kiasi gani, nyumba zinahitaji nini, na mfuko wa watu una shilingi ngapi. Maarifa hayo hayapatikani kwa kunakili maandishi ya ubaoni. Lazima mtu ashike spana, alowe, apige hesabu upya bomba linapovuja.

Na hapo ndipo wanafunzi wetu wanapokwama. Kozi ya uhandisi humtaka mwanafunzi aende atachimenti, yaani akae kwenye kazi halisi kwa wiki kadhaa. Chuo humpa barua na karatasi ya bima, kisha yeye ndiye wa kutembeza barua hizo ofisi kwa ofisi. Mwenye mjomba kwenye kampuni hupata nafasi mapema. Mtoto wa mkulima wa Kianyaga huambiwa aache barua, atapigiwa simu. Akibahatika, nafasi iko Nairobi au Thika, malipo hakuna, na mzazi aliyekwisha kulipa karo anaanza upya kutafuta kodi ya chumba na nauli. Wapo wanaomaliza atachimenti yao wakitoa fotokopi na kuandaa chai ya mabosi, halafu msimamizi anatia sahihi kwamba wamejifunza.

Hata baada ya shahada njia bado ni ndefu. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inamtaka mhitimu awe na angalau miaka mitatu ya kazi kabla Bodi ya Wahandisi haijamtambua kuwa mhandisi kamili. Asiyepata pa kuanzia hubaki na joho lake kwenye picha ya sebuleni.

Mitambo ya kujifunzia haijakosekana. Hapa Rukenya, katika eneo letu la Gichugu, kuna Bwawa la Thiba, lililozinduliwa Oktoba 2022 kwa mkopo wa Japani na fedha za serikali yetu. Ukuta wake una kimo cha mita 40 na urefu wa kilomita moja, na nyuma yake hukaa maji mita za ujazo milioni 15.6 yanayoteremkia mpunga wa Mwea. Kuna mageti ya kuchungwa, mchanga wa kupimwa, mifereji ya kukaguliwa kila msimu. Mwanafunzi wa uhandisi wa maji angeweza kukaa pale muhula mzima asirudie funzo moja mara mbili. Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyiziaji ingetangaza nafasi hizo hadharani kila mwaka, majina ya waliochukuliwa yakabandikwa ukutani, ubishi ungekwisha.

Viwanda vya chai navyo viko karibu zaidi. Kimunye na Thumaita vina boila, mota, mashine za kukata majani na feni za kukausha zinazonguruma usiku kucha. Wenye hisa katika viwanda hivyo ni wakulima wenyewe, ambao ndio wanaolipa karo na ndio wanaowachagua wakurugenzi. Kwenye mkutano mkuu huwa tunauliza kuhusu bonasi, mbolea na bei ya mnadani. Mwaka huu mzazi mmoja asimame amuulize mkurugenzi wa eneo lake: wanafunzi wangapi wa uhandisi waliingia karakanani mwetu mwaka jana, walichaguliwa vipi, na walipewa hela ya chakula cha mchana au la? Na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.