Bi harusi, plagi za gari si siri ya mafundi



Somo wa Unguja anamfundisha bi harusi mengi: kusinga liwa, kufukiza udi, kupanga asumini, kumpokea mume kwa maneno laini. Sina ugomvi na hata moja katika hayo. Lakini mabinti zetu siku hizi hawaolewi Vuga na Malindi tu. Wanaolewa bara, tena bara ya ndani, ambako gari ndilo linalokufikisha hospitali, sokoni na msikitini. Mimi nimeolewa Rwamgasa, mkoa wa Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. (Ndiyo, ile dhahabu unayovishwa siku ya kupambwa huenda safari yake ilianzia huku, kwenye kelele za makarasha.) Rai yangu ni kwamba mwanamke anayeendesha gari la turbo ajue kuzitoa plagi zake, kuzisoma, na kuweka mpya kwa mkono wake.

Nasema turbo makusudi. Huku Subaru Forester ya turbo inapendwa, nasi tunayo moja nyumbani. Turbo ni magurudumu mawili ya mapanga kwenye ekseli moja: la kwanza linazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, la pili linasukuma hewa ya ziada kuingia ndani. Hewa ikishindiliwa hivyo, cheche ya plagi inapata kazi kubwa zaidi kuruka kutoka ncha moja hadi nyingine. Ndiyo maana plagi iliyochoka haikusumbui gari likiwa limesimama uani likinguruma taratibu. Inakusumbua ukikanyaga mafuta kulipita lori. Gari linakohoa, linakatakata, nguvu inapotea, nawe uko upande usio wako wa barabara na watoto nyuma.

Halafu kuna hasara ya fedha, na hapa ndipo ninapokasirika. Jirani yangu aliambiwa na gereji moja kuwa turbo ya gari lake imekufa. Mumewe yuko safarini, fundi anaongea kwa haraka, yeye anaitikia tu. Akauza kidani chake, kilichokuwa sehemu ya mahari yake, ikanunuliwa turbo iliyotumika. Gari likaendelea kukohoa vilevile. Kilichokuja kuliponya ni plagi nne mpya. Sisemi kila fundi ni mwongo, wapo wacha Mungu na wapo wasiojua. Lakini mahari ni haki ya mwanamke, na kidani kile hakirudi.

Basi tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, mwilini. Vua bangili na pete zote. Si kwa ajili ya uchafu. Dhahabu inapitisha umeme vizuri mno, na bangili ikigusa ncha chanya ya betri na bodi ya gari kwa pamoja inaweza kukuunguza mpaka mfupa. Mtandio uubane vizuri ndani, mikono ya baibui uifunge kwa lastiki. Injini iwe imezimwa na imepoa kabisa, na asubuhi baada ya Alfajiri ndiyo saa nzuri. Plagi nyingi za leo zimefungwa kwenye kichwa cha injini cha aluminiamu, na ukizifungua za moto nyuzi zinaweza kung'oka. Hapo ndipo gharama huanza kweli.

Chomoa waya hasi wa betri. Kwenye injini nyingi zilizosimama, plagi ziko juu, unazifikia kwa dakika chache. Subaru ni ukaidi mtupu. Injini yake imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto, na plagi zinatazama ubavuni. Upande mmoja unaiondoa betri, upande wa pili unaliondoa boksi la chujio la hewa, ndipo mkono upite. Kile kisahani kikubwa juu ya injini, chini ya tundu la boneti, ni kipoza hewa ya turbo. Mafundi wanakiita intakula, na kwa kazi hii si lazima kukigusa. Fungua koili moja baada ya nyingine, na soketi zake zibonye kwa upole kwani plastiki iliyokaa na joto miaka mingi hukatika.

Sasa sikiliza, hili ni la Rwamgasa hasa. Vumbi letu jekundu linajaa kwenye visima vya plagi. Ukifungua plagi bila kusafisha, vumbi lote linadondoka ndani ya silinda, na kule litakwangua kama msasa. Pulizia kwanza kwa pampu, hata ya baiskeli. Nyie wa visiwani shida yenu ni nyingine, hewa ya chumvi inaozesha vishikio vya koili. Viangalie kama vina ukijani.

Plagi zikishatoka, zipange kwa mpangilio wa silinda zake na uzisome. Ncha ya hudhurungi hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu, hewa au mafuta hayaendi kwa kipimo, na huku anza na chujio la hewa. Ncha iliyolowa oili ni habari nzito. Hapo muite fundi, lakini sasa utamuita ukijua unachomuuliza. Ikiwa oili iko nje tu, juu ya plagi na kwenye mpira wa koili, mara nyingi ni sili zimechoka, si injini kufa. Ncha nyeupe yenye malengelenge ina maana kuna joto kali kupita kiasi. Usilikimbize gari hilo mpaka liangaliwe.

Dukani usiseme "nipe plagi za Forester". Forester isiyo na turbo nayo ina plagi zake, na huenda nyuzi zikaingia sawasawa, lakini injini ya turbo inataka plagi inayotoa joto haraka. Soma namba kwenye kitabu cha gari, si kwenye plagi kuukuu peke yake, maana hujui aliyeweka hizo alikuwa nani. Kwa NGK na Denso, namba ya joto ikiwa kubwa zaidi, plagi ni ya baridi zaidi. Na za bandia zimejaa sokoni. Ncha ya iridiamu ni nyembamba kama sindano. Ukiona nene, rudisha. Nafasi kati ya ncha mbili kwenye gari la turbo mara nyingi ni milimita 0.7 hadi 0.8, wakati magari mengi ya kawaida hufika 1.0 au 1.1. Pima, lakini usiibetue ncha ya iridiamu, inavunjika.

Kurudisha, vidole kwanza. Chukua kipande cha mpira wa mafuta, chomeka plagi mwishoni, izungushe nao mpaka ikae. Ikienda pembe mpira utateleza kabla hujaharibu nyuzi. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa unaikaza kwa spana nusu mzunguko, au zaidi kidogo isifike robo tatu. Usipake girisi kwenye nyuzi. NGK wenyewe wanakataza kwa plagi zao, kwa sababu utelezi unakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Najua mnachotaka kuuliza. Je, hii si kazi ya mume? Mume wangu ndiye aliyenunua plagi, na matunzo ni wajibu wake, sijamvua. Wengine watanitajia Bi Asmaa binti Abubakar, Allah amridhie, aliyekuwa akimlisha na kumnywesha farasi wa mumewe Zubeir, na kubeba kokwa za tende kichwani kutoka shambani. Mfano mzuri, lakini wanaume wakiutaja huwa wanaukata katikati. Kisa kinaendelea: baba yake alipomletea mtumishi wa kumshughulikia farasi yule, Bi Asmaa alieleza kuwa alijiona kama aliyeachwa huru. Alikuwa hodari, na ule ulikuwa mzigo, na yote mawili aliyasema. Kwa hiyo dada zangu, msikubali plagi ziongezwe kwenye orodha ya kupika, kufua na kulea. Nataka mjue kazi hii ili asiwepo wa kuwadanganya, na ili mume akiwa safarini msikae gizani mkimsubiri mtu msiyemjua aje na tochi.

Wala si lazima ujifunze kwa kijana wa gereji ambaye unaona haya kusimama naye peke yako. VETA wanafundisha ufundi magari na wasichana wanasoma humo. Zanzibar kuna vituo vya mafunzo ya amali. Au mwambie kaka yako akuoneshe mara moja, mara ya pili shika spana wewe.

Ukimaliza, rudisha waya wa betri, washa gari uliache lingurume kidogo, kisha lijaribu kwenye kilima kisicho na magari. Mikono isugue kwa sukari na mafuta ya kupikia, halafu sabuni, mpaka chini ya kucha. Girisi nzito inazuia maji yasifike kwenye ngozi, na Adhuhuri iko njiani. Hina haitoki yote kwa kusuguliwa mara moja, msiogope.

Andika tarehe na kilomita kwenye kikaratasi ukibandike ndani ya boneti. Plagi za nikeli hazikai sana, mara nyingi kilomita 20,000 hadi 40,000. Za iridiamu zinaweza kukaribia 100,000 kwenye gari la kawaida, ila turbo huzichosha mapema, kwa hiyo zitoe uzisome kabla hazijaanza kukohoa. Zile kuukuu zifunge kwenye mfuko na uziweke chini ya kiti. Siku fundi akikwambia ameshakubadilishia, mwombe akuoneshe alizotoa, uzilinganishe.